Sisi si Wajukuu, Sisi ni Wapiga Kura

Tangu tarehe 16 Januari 2021, siku ambayo Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Rais Yoweri Kaguta Museveni kuwa mshindi kwa muhula wa sita, sisi vijana wa Uganda tumekuwa tukiulizwa swali moja kila mahali: kwenye teksi, kanisani, msikitini, hata darasani. "Vijana, mmeyapokeaje matokeo?" Anayeuliza huwa anataka jibu moja fupi. Akiwa mfuasi wa serikali, anataka kusikia kwamba tumetulia. Akiwa mpinzani, anataka kusikia kwamba tumekasirika. Mimi nasema wote wawili wanakosea, na katika insha hii nitaeleza kwa nini.

Kosa linaanzia kwenye jina tunaloitwa. Katika hotuba na barua zake, Rais amezoea kutuita Bazzukulu. Sisi tunaosoma Kiswahili tunalitambua neno hilo mara moja: Luganda husema omuzzukulu, Kinyankole omwijukuru, Kiswahili mjukuu. Ni neno tamu. Kwa mila zetu mjukuu ana raha zake. Hutaniana na babu, hupewa kipande cha nyama kabla ya wakubwa, na akikosea babu humkinga asichapwe. Lakini mjukuu haitwi kwenye kikao cha ukoo. Haulizwi kama shamba liuzwe au lisiuzwe. Akilia, huambiwa anyamaze kwa kuwa wakubwa wanazungumza. Na kubwa zaidi, mjukuu hawezi kumwondoa babu katika ubabu wake. Babu hachaguliwi.

Rais huchaguliwa. Kifungu cha kwanza cha Katiba ya mwaka 1995 kinasema mamlaka yote ni ya watu. Katiba haikusema mamlaka ni ya babu na wajukuu zake. Ndiyo maana nasema jina hilo, hata likitamkwa kwa upendo, linaficha jambo. Takriban robo tatu ya wananchi wa Uganda wana umri chini ya miaka 30. Wote hao hawajawahi kuona rais mwingine, kwa kuwa Mheshimiwa Museveni aliingia madarakani tarehe 26 Januari 1986, akiwa na miaka 41. Nchi ambayo karibu watu wake wote ni wajukuu haina wajukuu. Ina wananchi wanaochelewa kuitwa watu wazima.

Sasa nirudi kwenye swali. Tuliporudi chuoni baada ya uchaguzi, chumbani kwetu hosteli tulikuwa wanne, na kila mmoja alikuwa na jibu lake.

Wa kwanza anatoka upande wa Masaka. Alimpigia kura Robert Kyagulanyi Ssentamu, ambaye wengi humwita Bobi Wine, na hakuficha. Siku ya kutangazwa matokeo alizima redio, akala chakula cha mchana kimyakimya, akalala. Alisema hakushangaa, ila aliumia. Alipokumbuka Novemba 2020, siku zile mbili baada ya mgombea wake kukamatwa Luuka, sauti yake ilibadilika. Idadi ya waliokufa iliyotajwa na serikali yenyewe ni watu 54. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wakipita tu njia.

Wa pili ni mwenzetu kutoka Gulu. Yeye alipumua. Alizaliwa katika kambi ya waliohamishwa na vita vya Kony, na miaka yake ya kwanza hakuijua nyumba ya babu yake isipokuwa kwa kusimuliwa. "Nyinyi mnasema mabadiliko," alituambia, "kwetu mabadiliko yalikuwa kulala usiku mzima bila kukimbilia porini." Alimpigia kura Museveni na hakupewa sabuni wala chumvi na mtu yeyote.

Wa tatu ni wa Mbarara. Alifurahi, akavaa fulana ya njano nyumbani kwao, lakini alipofika chuoni aliikunja na kuiweka chini ya begi. Alichoka kuambiwa kwamba kila mtu wa magharibi ana mjomba ikulu. Baba yake anauza maziwa kwa baiskeli. Mama yake yumo katika kikundi kilichojiandikisha kupata fedha za Emyooga, na mpaka tunazungumza walikuwa bado wanasubiri.

Wa nne ni mimi. Kura yangu ni siri na itabaki siri, kwa kuwa ndivyo sheria inavyotaka, na pia kwa kuwa sitaki msomaji aipime hoja yangu kwa rangi ya fulana yangu.

Yuko na wa tano, ambaye si wa chumbani kwetu. Ni binamu yangu anayeendesha bodaboda mjini Jinja. Tarehe 14 Januari aliamka saa nne, akaosha pikipiki yake, akarudi kulala. Hakupiga kura. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa swali: "Wewe uliyepiga umepata nini?"

Basi mtu anayetaka kujua vijana wameyapokeaje matokeo, namwomba kwanza achague ni yupi kati ya hawa anayemwita "vijana".

Baada ya matokeo, wakubwa wengi walitupa methali moja. Niliisikia redioni, nikaisikia kwa jirani, na mhadhiri mmoja aliisema mbele yetu kama mtu anayefunga mjadala: asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa heshima zote kwa walimu wangu, methali hii inatumiwa vibaya. Inazungumza juu ya mshindani, kwa hiyo inadai kwanza kuwe na mashindano. Wachezaji wa bao wakikaa chini, kete huhesabiwa mbele ya macho ya wote. Je, mchezo wetu ulikuwa hivyo? Mitandao ya kijamii ilifungwa siku mbili kabla ya kura. Jioni ya tarehe 13 Januari intaneti yote ilizimwa, na ilirudi tarehe 18, siku mbili baada ya matokeo kutangazwa. Kura zilipigwa, zikahesabiwa na kutangazwa gizani. Mgombea wa pili alizingirwa nyumbani kwake Magere kwa zaidi ya siku 10, mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru askari waondoke. Mwezi Machi, waziri wa mambo ya ndani alipeleka bungeni orodha ya watu 177 walioshikiliwa na jeshi, baada ya familia nyingi kulalamika kwamba watoto wao wamechukuliwa kwa magari ambayo watu huyaita droni. Mtu akiyataja haya hajakataa kushindwa. Anauliza kanuni za mchezo ziko wapi.

Ninajua jibu litakalokuja: kama walikuwa na ushahidi, mbona waliiondoa kesi? Ni kweli Kyagulanyi alifungua kesi Mahakama ya Juu mwanzoni mwa Februari na kuiondoa mwezi huohuo, akisema hana imani na majaji. Mimi naona alikosea. Mahakama hiyohiyo mwaka 2019, ilipoamua juu ya kuondolewa kwa ukomo wa miaka 75, ilikuwa na majaji 4 upande mmoja na 3 upande wa pili. Hoja za wale 3 zimeandikwa, na sisi wanafunzi tunaweza kuzisoma leo na hata miaka 50 ijayo. Kesi iliyoondolewa haituachii kitu cha kusoma. Lakini kosa la mlalamikaji haligeuki kuwa usafi wa mlalamikiwa.

Baada ya kusema hayo kwa wakubwa, sasa niseme na wenzangu, maana hatuko salama na sisi.

Wenzangu mliomuunga mkono Kyagulanyi, mmeniudhi mnapowaita vijana wa kaskazini na magharibi watu walionunuliwa. Huo ni uvivu wa kufikiri. Mwenzangu wa Gulu ana sababu, nayo imetoka katika maisha yake. Unaweza kumwambia kwamba amani ni haki yake na wala si zawadi ya kulipiwa kura kila miaka mitano. Mimi mwenyewe nilimwambia hivyo, tukabishana mpaka saa sita usiku. Lakini ukimtukana, umemfukuza, na uchaguzi ujao utamkuta palepale mlipomwacha.

Nanyi mliosherehekea, mmeniudhi mnaposema kwamba utulivu wa mitaa ya Kampala baada ya matokeo ulikuwa dalili ya kuridhika. Mitaa ilikuwa na askari. Mtu anayetembea kimya mbele ya bunduki hajapiga makofi. Wazee wa lugha hii tunayoisoma walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nanyi mnaifahamu methali hiyo vizuri maana tuliifanyia mtihani pamoja.

Nanyi mliolala kama binamu yangu, nyinyi ndio mnaonisumbua zaidi, kwa sababu nyinyi ndio wengi. Daftari lilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 18. Mshindi alipata kura kama milioni 6. Ambao hawakupiga kura kabisa walizidi milioni 7. Tuseme kwa hesabu ya shule ya msingi: kama kutokwenda kupiga kura kungekuwa mgombea, mgombea huyo angeongoza. Binamu yangu anadhani alijitoa kwenye mchezo. Hakujitoa, aliwaachia wengine waamue bei ya petroli anayonunua kila asubuhi.

Na si kweli kwamba kura haikubadilisha lolote. Katika uchaguzi huohuo Makamu wa Rais, Edward Ssekandi, alipoteza kiti chake cha ubunge. Mawaziri kadhaa walirudi nyumbani. Chama cha NUP, ambacho mwaka mmoja kabla ya hapo wengi wetu hatukukijua hata kwa jina, kikawa chama kikubwa kuliko vyote vya upinzani bungeni. Hayo yalifanywa kwa karatasi na wino, katikati ya askari walewale.

Lakini haki inanitaka niseme kwamba wako vijana ambao hawakulala wala hawakususia. Walifungiwa mlango. Uhuishaji wa daftari la wapiga kura ulifungwa Desemba 2019. Kila aliyefikisha miaka 18 baada ya hapo alikuwa mtu mzima siku ya kura, angeweza kuoa, kushtakiwa kama mtu mzima, kuajiriwa jeshini na kupewa bunduki ya kulinda kituo cha kura, lakini asingeweza kuingia ndani ya kituo hicho na kupiga kura. Hao ni watoto wa mwaka 2002 waliokuwa wakiadhimisha miaka 18 nyumbani, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Nani amewauliza wameyapokeaje matokeo?

Wengine watasema vijana tuna viti vyetu 5 bungeni, tunataka nini zaidi? Viti hivyo vipo, lakini mbunge wa vijana hachaguliwi na mimi wala na binamu yangu. Huchaguliwa na wajumbe wanaokusanywa mahali pamoja, na wajumbe wachache ni rahisi kuwalisha na kuwalaza hotelini. Hicho ndicho chumba cha wajukuu ndani ya nyumba ya wakubwa.

Kwa hiyo, badala ya swali la mmeyapokeaje matokeo, mimi napendekeza tuulizane maswali mengine matatu. La kwanza: je, daftari litabaki wazi mpaka karibu na siku ya kura, ili kila aliyefikisha miaka 18 aingie? La pili: je, iko sheria itakayomkataza yeyote kuzima intaneti siku ya kupiga na kuhesabu kura? La tatu: je, mbunge wa vijana atachaguliwa na vijana wote, kwa kura ya siri? Maswali haya hayana rangi. Mwenzangu wa Masaka anaweza kuyauliza, wa Gulu anaweza, na wa Mbarara anaweza bila kuificha fulana yake. Niliyaweka mbele yao chumbani, na kwa mara ya kwanza tangu Januari hatukugombana.

Rafiki mmoja aliniuliza kwa nini naandika mambo haya kwa Kiswahili, lugha ambayo wazazi wetu wengi waliijua kwanza kutoka kinywani mwa askari. Anasema kweli. Hata Januari, askari waliosimama njia panda ya kwetu walituamuru kwa Kiswahili turudi nyumbani. Lakini lugha si mali ya anayeamuru peke yake. Hata anayeuliza ana haki nayo, na mimi nauliza.

Namalizia kwa walimu wetu, maana nyinyi ndio mtakaosoma insha hizi na kuzipa alama. Msitufundishe kunyamaza kwa methali. Mkiona tumekosea hesabu, tusahihisheni. Mkiona tumewatukana wenzetu, tukemeeni. Lakini mnapozungumza nasi juu ya nchi hii, zungumzeni nasi kama watu walio na kadi ya mpiga kura mfukoni. Uchaguzi mwingine utakuja, na wengi wetu tutakuwa tumeshahitimu. Ambaye hajaandikishwa aanze sasa kuuliza daftari litafunguliwa lini.