Riwaya Zilizonishinda

Ndugu vijana, katika mikutano ya vikundi vyetu kuna uongo mdogo usiopelekwa kwenye kitubio: kusema tumesoma kitabu ambacho kwa kweli tulikiacha ukurasa wa thelathini. Nimeusema kwa miaka mingi. Leo nautengua kwa kuzitaja riwaya tatu zilizonishinda, zote zikihusu nchi yetu au watu wake. Maana nimetambua kwamba sababu za kuziacha hazikufanana.

Ya kwanza ni ile ya Joseph Conrad ambayo sisi huisoma kwa Kifaransa, Au cœur des ténèbres. Conrad alipanda mto Kongo mwaka 1890 kwa meli ya mvuke hadi mahali penye Kisangani ya leo, na kisa chake kikachapwa kwa sehemu katika jarida mwaka 1899. Wataalamu wanakisifu, wala sikatai kwamba kinaufichua unyang'anyi wa pembe za ndovu wa enzi za Leopold II. Lakini nilijaribu mara tatu kukisoma kama Mkongomani, na mara tatu nilijitafuta humo nisijione. Watu wa mtoni wamo kama miguu, macho na kelele. Maneno waliyopewa kusema yanahesabika kwa vidole. Mwaka 1975 Chinua Achebe alilitamka jambo hilo katika hotuba huko Massachusetts, akawaudhi wengi. Mimi nilikifunga kitabu kabla ya kumsikia Achebe. Nilijua tu kwamba wazee wa mababu zangu hawakuwa kelele. Hiyo naiita riwaya mbaya, hata kama sentensi zake ni nzuri.

Ya pili inaniaibisha. Entre les eaux ilitoka mwaka 1973. Mwandishi wake, V. Y. Mudimbe, alizaliwa Likasi na alifundisha katika chuo kikuu hapa Lubumbashi. Padri Pierre Landu, aliyesomea Roma, anajiunga na waasi msituni kwa kuwa anaona Kanisa limekaa upande wa wenye nguvu. Niliianza nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaitupa kwa hasira, nikatangaza mbele ya wenzangu kuwa ni kitabu kibaya kinachodharau upadri. Uongo mtupu! Kilichonikera ni kwamba Landu aliuliza maswali niliyokuwa nikiyaficha, na mwandishi hakumpa jibu jepesi, si kanisani wala msituni. Niliimaliza baada ya miaka kumi na miwili. Mudimbe alifariki mwaka 2025. Wale walioniamini siku ile, sijui ni wangapi waliokuja kuifungua.

Katika barua yake kuhusu fasihi ya Julai 2024, Papa Fransisko alionya kwamba hakuna faida kusoma kwa wajibu tu, eti kwa sababu wengine wamesema kitabu ni cha lazima. Ruhusa hiyo naipokea kwa furaha. Ila ruhusa ya kukiacha kitabu si ruhusa ya kukihukumu. «Sikukimaliza» ni habari yangu mimi. «Ni kibaya» ni habari ya kitabu, nayo yadai ushahidi.

Basi ya tatu naisemea kwa tahadhari. Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1981, ilitolewa Paris mwaka 2014. Wachimbaji, wanafunzi na wageni wenye tamaa ya madini wanakutana kila usiku katika kilabu cha pombe, na mazungumzo yao yanakatwakatwa kama muziki wa jazi. Wapo wanaoikataa kwa sababu ya lugha yake chafu. Mimi nilichoshwa na orodha zake ndefu na maneno yanayorudiwarudiwa. Hata hivyo, humo humo nausikia mji ninaoufahamu, jambo ambalo Conrad hakunipa kamwe. Nimeiacha mara mbili. Tiketi ya basi niliyoiweka kuwa alama ingali ukurasa uleule, na kama yupo kijana aliyeimaliza, namwomba anitafute Jumapili baada ya Misa ya pili anieleze kilichonipita.