Trela Dogo, Kazi Kubwa

Leo naomba tuweke kando programu na tarakilishi, tuongee kuhusu chuma. Usiondoke bado, mwishowe tutarudi palepale penye kazi yetu.

Nina lori la rimoti. Si lile la watoto la kugonga ukuta na kugeuka. Ni lori la kipimo cha 1:14, yaani kila urefu wa lori la kweli umegawanywa kwa 14. Lina gia, lina taa, na linaongozwa kwa redio ya 2.4 GHz. Kwa muda mrefu lilikuwa kichwa kitupu, halina la kuvuta. Matrela ya kununua yapo, lakini yanatoka ng'ambo, na kitu chenye urefu wa karibu mita moja kikishasafirishwa kwa ndege na kulipiwa ushuru, bei yake haisemeki. Nikaamua kujitengenezea langu, la chuma.

Maoni yangu nayasema mapema ili tusizungushane: kila anayejiita mtu wa teknolojia anafaa kujenga angalau kitu kimoja cha chuma, na akijenge pamoja na fundi, kwa bei ya fundi. Nitaeleza kwa nini.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo nilipojiona mjanja. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.192 na upana wa mita 2.438. Gawa kwa 14, unapata mm 871 kwa mm 174. Ile pini ya trela inayoingia kwenye sahani ya lori ina kipenyo cha mm 50.8. Gawa, unapata mm 3.6, kwa hiyo bolti ya mm 4 inatosha. Rahisi, sivyo?

Sasa njoo kwenye uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu mizigo ya magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake. Ukigawa kwa 14 unapata tani 4! Hapana. Uzito hupungua kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, yaani 14 mara 14 mara 14, ambayo ni 2,744. Tani 56 zinakuwa kilo 20 na kitu. Lakini eneo la chuma kinachobeba mzigo huo hupungua mara 196 tu. Maana yake, trela dogo lililopunguzwa sawasawa lina nguvu mara 14 zaidi kwa uzito wake kuliko baba yake. Ndiyo maana siafu anabeba mzigo mkubwa kuliko mwili wake na tembo hawezi. Kwa hiyo usihofu kwamba trela lako litavunjika. Hofia kwamba utalijenga zito mno, na gia za lori lako ndizo zitakazolia.

Nikachora mihimili miwili ya bomba la mraba la mm 20, unene mm 1.5. Kwa chuma cha kawaida mihimili hiyo ina kilo moja na nusu, kwa alumini ni nusu kilo hivi. Nilichagua chuma kwa sababu alumini haichomelewi vizuri kwa mashine za kawaida za mtaani, na trela lenye uzito chini halipinduki kwenye kona. Katikati ya mihimili nikaweka vipande saba vya kukingama, kila kimoja mm 134. Mchoro ulipendeza sana kwenye skrini.

Nikaweka alama zote saba kwenye bomba moja, moja baada ya nyingine, nikawasha grainda. Nilipomaliza, kipande cha kwanza kilikuwa mm 132 na nusu. Vilivyofuata vilikuwa mm 131. Jiwe langu la kukatia lina unene wa mm 3, na chuma kilicho chini ya jiwe kinageuka vumbi. Kipande cha kwanza kilikatwa upande mmoja, vingine pande mbili. Sisi watunga programu tunalijua kosa hili. Ni lile la kuhesabu nafasi ukasahau nguzo. Tofauti ni kwamba kwenye programu ninafuta mstari na kuandika upya. Hapa nilikuwa na vipande saba vya chuma ambavyo havifai tena.

Basi nikanunua bomba lingine, nikaenda Kamukunji, si mbali na Gikomba. Kama ulisoma shule ya bweni, kuna uwezekano mkubwa sanduku lako la bati lilitoka huko. Nikampata mzee mmoja fundi wa kuchomelea, nikamwonyesha mchoro. Akautazama, akataja bei. Nami, bila aibu, nikasema: "Mzee, hiki ni kitu cha kuchezea tu. Punguza."

Akanijibu taratibu: "Kijana wangu, lango la nyumba nalichomelea nikiongea na simu. Hiki chako nikipepesa jicho kimetoboka. Unataka kulipia uzito wa chuma, au unalipia kisitoboke?"

Wasomaji, nilinyamaza. Juma hilohilo mteja mmoja alikuwa amenipigia akitaka nimwongezee "kitufe kimoja tu" cha kulipia, kiwe tayari jioni. Nilikasirika siku tatu nzima. Nilitaka kumweleza habari za malipo yanayokatika katikati, mteja anayetozwa mara mbili, risiti isiyofika. Mtu anaona kitufe, haoni kilicho nyuma yake. Na sasa mimi nilikuwa nimesimama mbele ya fundi nikiona kitu kidogo na kudai bei ndogo.

Nikalipa alichotaja. Kisha nikaketi kutazama.

Alikata kipande kimoja, akakipima, akakipiga tupa hadi kikaingia sawasawa, halafu hicho kikawa kipimo cha vingine vyote. Hakuweka alama saba kwa mpigo. Aliposhikiza fremu, aligusa nukta moja ndogo hapa, akaenda kona ya mkabala, akagusa nyingine, akangoja ipoe, kwa sababu joto huvuta chuma upande wake. Kisha akatoa uzi. Akaunyoosha kutoka kona hadi kona, akaubana kwa kidole, akaupeleka kwenye kona mbili nyingine. Haukufika, ulipungua kidogo. Akaigonga fremu kwa nyundo mara mbili, akapima tena, ukalingana. Baadaye nilipiga hesabu ya umbali huo: mm 888. Yeye hakuihitaji. Nyuzi mbili za kukingama zikilingana, fremu imenyooka, basi. Na iligongeka kwa sababu alikuwa ameishikiza tu, hajaifunga. Alikuwa amejiachia nafasi ya kurekebisha kabla ya kuchomelea kabisa.

Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ulitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na ripoti hiyo ilisaidia kueneza duniani lile neno "sekta isiyo rasmi". Mwaka 1992 serikali nayo ikatoa waraka wa sera kuhusu biashara ndogo na jua kali. Majina haya yanaeleza mahali fundi anapofanyia kazi na karatasi asizokuwa nazo. Hayaelezi anachokijua. Lakini tunapokutana kuzungumzia teknolojia ya Kenya, tunaalika wenye skrini, na mtu anayeweza kunyoosha fremu kwa uzi tunamwita tu lango likivunjika.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini sikutumia printa ya 3D. Naipenda, na vifuniko vya matairi na taa nilivichapisha. Lakini meza ya printa nyingi za nyumbani ni mm 220 hivi, kwa hiyo mhimili wa mm 871 unaunganishwa vipande vinne, na plastiki ya PLA huanza kulegea ikikaribia nyuzi joto 60. Iache ndani ya gari juani uone. Kila chombo na kazi yake.

Trela langu linatembea. Springi nilizitengeneza kwa ukanda wa chuma wa kufungia marobota, na kwenye kona linafuata lori bila kulalama. Ukitaka kujenga lako, anza na mchoro, kumbuka unene wa jiwe la kukatia, kisha umtafute fundi. Akikutajia bei ukahisi ulimi unakuwasha, kumbuka yule anayekuomba kitufe kimoja tu.