AFYA NYUMBANI: Askari Wasiojua Kukoma

Moto wa jikoni huivisha chakula, lakini usipopunguzwa kwa wakati wake huteketeza nyumba. Ndivyo zilivyo pia nguvu za mwili zipiganazo na maradhi.

Katika damu zimo chembe nyeupe ziitwazo chembe B. Kazi yake ni kutengeneza kingamwili, yaani silaha zinazonata juu ya vijidudu. Kila chembe ina vipokezi vya kumtambua adui. Vikimnasa, chembe huamka, huzaana na kutoa silaha hizo. Lakini juu ya chembe hiyo hiyo kipo kipokezi kingine, Fc-gama RIIB, ambacho kazi yake ni kuzuia. Hiki hushika mkia wa kingamwili zilizokwisha kunata juu ya kijidudu. Vipokezi vya aina zote mbili vikikutana juu ya kijidudu kimoja, habari hupelekwa ndani ya chembe: silaha zatosha, kazi ipunguzwe.

Wapo watu waliorithi kwa baba na kwa mama kizuizi kisichofanya kazi sawasawa. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza kwamba, miongoni mwa watoto wa Kenya, wenye urithi huo walipatwa na malaria kali kwa nadra kuliko wenzao. Hata hivyo, kwa watu wa Asia na wenye asili ya Ulaya, urithi huo huo ulionekana kuongeza hatari ya lupasi, ugonjwa ambao kingamwili huugeukia mwili wenyewe. Hivyo ngao ya utotoni yaweza kuwa mzigo wa ukubwani.

Wagonjwa wa lupasi wapatao tisa katika kila kumi ni wanawake, hasa wa umri wa kuzaa. Dalili zake ni viungo kuuma na kuvimba, uchovu, homa za mara kwa mara, nywele kukatika, na alama mashavuni zinazozidi kwa jua. Figo nazo huweza kuharibika kimyakimya.

Mama mwenye dalili hizo asidhani amerogwa, wala asimeze dawa za malaria kila homa ipandapo bila kupimwa. Aende hospitali, apimwe damu na mkojo. Dawa ya kuuondoa ugonjwa kabisa haijapatikana, lakini za kuutuliza zipo, na awahiye huokoa figo zake.

Naye mtoto, awe na urithi wowote, alale ndani ya chandarua. Urithi hupunguza hatari, hauiondoi.