Unataka Injini ya Kuposti ama ya Kukurudisha Nyumbani?

Wasee, kuna swali moja nimetumiwa mara nyingi hadi nimechoka: "Nimepata Hiace Shark ya zamani, ilikuwa matatu. Nataka kuitoa viti niweke kitanda na jiko, iwe nyumba ya safari. Injini imekufa. Niweke 1KD?"

Jibu langu ni hapana. Najua litawakasirisha wale wenye video za "Shark yenye nguvu za Prado", lakini wacha wakasirike. Hizo video zilinikula pesa na kamera. Mimi niliacha chuo na sina cheti cha umekanika. Nilicho nacho ni risiti.

Tulikuwa mabeshte watatu. Tulinunua Shark iliyostaafu barabara, injini yake 3L imechoka, inakunywa oili na kutoa moshi wa buluu. Mpango ulikuwa tuitengeneze, tuikodishe kwa watu wanaoenda Samburu na Marsabit, na sisi wenyewe tupige video. Fundi mmoja mzee akatuambia tuifungue hiyo 3L tuifufue, ama tuweke 5L. Tukamcheka. Aliyepiga kelele zaidi ni mimi. Nilitaka 1KD, na nikauza kamera ili hesabu itoshe.

Safari ya kwanza ndefu, tukiwa tumepita Laisamis, taa ya injini ikawaka, nguvu zikaisha, gari likazima. Jamaa wa bodaboda akatuletea fundi. Yule mzee akainua kiti, akaangalia waya, akarudisha kiti mahali pake. "Vijana wangu, mimi hutengeneza injini. Hii ni kompyuta."

Tulivutwa na lori hadi Isiolo. Ugonjwa ulikuwa nozo, na chanzo kilikuwa maji ndani ya dizeli ambayo tulinunua kwa mitungi kando ya barabara. Nozo zikasubiriwa kutoka Nairobi. Wateja wawili waliokuwa wamelipia wikendi iliyofuata, tukawarudishia pesa yao yote. Biashara yetu ilianza na deni kabla mtu yeyote hajalala kwenye kile kitanda.

Sasa tuongee injini moja moja, bila mbwembwe.

Kwanza ni familia ya L, yaani 2L, 3L na 5L. 2L ina cc 2,446, 3L ina 2,779, 5L ina 2,986. Hizi ni ndugu wa tumbo moja. Kama Shark yako ilikuja na 2L ama 3L, 5L inakaa kwa maunti zilezile na kushika giaboksi ileile, bila fundi kukata chuma. Haina turbo. Pampu yake ya dizeli ni ya kimekanika, na kinachohitaji umeme ili iendelee kunguruma ni kile kiswichi kidogo cha kuzima dizeli. Betri ikilala, mnasukuma. Pampu na nozo zake zinajulikana na kila fundi aliyewahi kushika matatu, na hao wako kila mji nchi hii. Lakini kaa macho: kuna 5L-E, ambayo pampu yake inasimamiwa na umeme. Hiyo herufi moja inabadilisha hadithi yote, kwa hivyo soma vizuri kabla ya kulipa.

Pili ni 1KZ-TE. Ina cc 2,982 na turbo, na nguvu zake ni za farasi 130 hivi, wakati 3L ina kama 90. Hii naikubali nusu. Japani iliwekwa kwa Hiace za umbo hili, kwa hivyo si mgeni kwa hilo gari. Shida ni mbili. Pampu yake ina kompyuta, na silinda hedi yake ya aluminiamu haisamehei joto. Ikichemsha vibaya mara moja tu, hedi inaweza kupasuka. Na kwa Shark injini iko chini ya viti, mahali pa joto. Ukiichukua, weka rejeta mpya na geji ya joto ambayo unaiamini. Kama huna pesa ya rejeta, huna pesa ya 1KZ.

Tatu ni 1KD-FTV, mpenzi wa mitandao. Cc ni 2,982 pia, lakini kwa Prado hutoa nguvu za farasi zaidi ya 160. Ni injini nzuri, sikatai, lakini tunaongea kuhusu wapi unaipeleka. Inasukuma dizeli kwa presha ya zaidi ya bar 1,000 kupitia matundu madogo kushinda sindano. Maji kidogo ama uchafu kidogo, nozo zimekwisha. Na usinunue injini tupu. Unahitaji kompyuta yake, waya zake zote, pedeli yake ya mafuta, intakula, na mtu wa kuvifanya vyote viongee na gari ambalo halikuzaliwa navyo. Ile bei wanayokutajia kwenye video ni mwanzo tu wa hesabu.

Na dizeli yetu tunaijua. Mwaka wa 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, na sababu iliyotolewa ni kwamba watu walikuwa wanayachanganya na dizeli. Sasa wewe unaenda mahali petroli stesheni ni chache, utanunua kwa mitungi, na umebeba injini inayotaka dizeli safi kama maji ya mtoto. Ulifikiria nini?

"Lakini 5L haina nguvu!" Sawa, tulieni. Ni ukweli. Injini isiyo na turbo hupungukiwa na pumzi kadiri unavyopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Pale Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, ukiwa na vitanda, jiko na tanki la lita 60 za maji, utapanda kwa gia ya pili na bodaboda watakupungia mkono. Turbo inarudisha hiyo pumzi, na ndiyo maana sijaitupa 1KZ nje kabisa.

Lakini jiulize, haraka ni ya kwenda wapi? Hilo gari lilipokuwa matatu lilifungwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa tangu sheria za Michuki za 2004. Breki zake, springi zake na usukani wake vilizoea maisha hayo. Ukiliwekea karibu nguvu maradufu halafu ulijaze mbao na maji, hujalifanya kuwa Prado. Umelifanya gari linaloweza kufika kwa kona haraka kuliko breki zake zinavyoweza kulisimamisha. Humo ndani mtalala watu, na ni watu walewale mtakaoteremka nao Nyeri Hill.

Wengine wananiambia ng'ambo wanabadilisha injini ovyo na hakuna kitu huwapata. Mfano wao ni zile Volkswagen za miaka ya 80 zenye injini nyuma, ambazo Wamarekani huziwekea injini ya Subaru. Sasa uliza kwa nini wanachagua Subaru. Injini ya Volkswagen hiyo imelala ubavu, na ya Subaru pia imelala ubavu, kwa hivyo inaingia palepale. Tena kwao kuna watu wanaouza vifaa tayari vya kuziunganisha. Yaani walitafuta ndugu wa karibu wa injini ya zamani. Somo lao ni lilelile la yule fundi mzee tuliyemcheka. Sisi tuliiga sauti tukaacha akili.

Kabla hata ya kununua chochote, pima kompresheni ya injini uliyo nayo. Magari mengi yanayoitwa yamekufa yanataka ringi, gasketi na nozo zisafishwe. Kama imekufa kweli, linganisha bei ya kuifufua na bei ya kununua ya Japani iliyotumika pale Grogan. Ukinunua iliyotumika, badilisha taimingi belti kabla haijaingia ndani ya gari, kwa sababu hujui imetembea kilomita ngapi, na belti ikikatika kwa hizi dizeli, valvu zinagonga pistoni na unarudi sokoni tena.

Halafu kuna makaratasi, ambayo hakuna video huonyesha. Nambari ya injini imeandikwa kwa logibuku. Ukibadilisha injini, NTSA lazima ijulishwe na gari likaguliwe. Dai risiti na karatasi za kuingiza hiyo injini nchini. Usipofanya hivyo, siku ya ajali bima itapata sababu ya kukukwepa, na siku ya msako utaeleza polisi vile injini ya mtu mwingine iliingia chini ya kiti chako.

Kinachoniuma si injini, ni hii tabia yetu. Kijana anahifadhi pesa kidogo kidogo miaka miwili, ananunua gari kuukuu ili aanze kitu chake, kisha mtu aliyepewa injini bure na muuzaji anamwambia "usiwe mnyonge, weka 1KD." Yule wa video hakuwa nasi Laisamis. Video yake iliisha pale injini ilipowaka mara ya kwanza, na hapo ndipo bili zetu zilianza.

Kwa hivyo nenda na kipimo kimoja. Kabla hujalipa, pigia simu fundi wa mahali unakoenda, si fundi wa mahali unakotoka. Mwambie jina la injini na umuulize kama anaweza kuifungua na kuirudisha siku hiyohiyo. Akinyamaza, umepata jibu.

Yetu tuliiuza ile 1KD kwa hasara na tukaweka 5L. Inanguruma kama mashine ya posho na inapanda mlima kama mzee anayetoka kanisani. Mwezi jana ilienda Marsabit. Hose moja ilipasuka njiani, fundi akaifunga, tukamlipa, na usiku huo tukalala mahali tulikuwa tumepanga kulala.

Kamera bado sijanunua ingine.