KUSHINDA KESI SI KULIPWA

Ndugu wanachama,

Mwenzetu mmoja alikatwa vidole na mashine kabla hajaja Reli. Mwajiri wake alishindwa kortini akakataa kulipa. Dalali wa korti akaja akaondoa lori uani, na fedha zikapatikana juma lile lile.

Jee, mdaiwa akiwa Serikali, dalali ataondoa nini? Hana ruhusa. Sheria ya kesi zinazoihusu Serikali, sura ya 40, kifungu cha 21, inamwamuru ofisa alipe, lakini inakataza mali ya Serikali kukamatwa. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 206, inasema fedha ya hazina haitoki bila idhini ya sheria.

Mimi sipingi Katiba. Hizo ni kodi zetu, zisichotwe na kila mwenye karatasi. (Wala sitaki kuona injini ikipigwa mnada hapa Nakuru!) Lakini watazameni jirani zetu Waogiek wa msitu wa Mau. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 watoke. Kesi yao ilifika Mahakama ya Afrika, Arusha, mwaka 2012, wakashinda tarehe 26 Mei 2017. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ikaamuru Serikali ya Kenya iwalipe shs. 57,850,000 kwa hasara ya mali na shs. 100,000,000 kwa maumivu ya moyo, na ardhi yao iandikiwe hati. Mwaka mzima ukapita, Juni 2023 ikafika, fedha hazijalipwa.

Arusha haina dalali wala askari. Ina ahadi tu, na Kenya iliukubali mkataba wa Mahakama ile mwaka 2004 kwa hiari yake, bila kulazimishwa na mtu. Basi Bunge linaloshika ufunguo wa hazina ndilo lifungue. Kila bajeti iwe na fungu la madeni ya mahakama, za hapa na za nje, lisomwe waziwazi tujue nani anadai na kiasi gani. Pasipo fungu hilo, Wizara itasema Bunge halijaidhinisha, na Bunge litasema Wizara haikuomba. Sisi tunaujua mchezo huo tangu siku za malimbikizo ya mishahara: meneja anasema ngojeni makao makuu, makao makuu wanasema muulizeni meneja.

Naomba Katibu wa tawi aandike barua kwa mbunge wetu kabla bajeti haijasomwa. Gharama ya stempu nitatoa mimi.

Mfanya kazi wa Reli,
Nakuru