Swali Lisilomfaa Mchimbaji

Limezuka tabaka la wataalamu wanaoamini kwamba ukitaka kujua kama chombo ni rahisi kutumia, dawa ni kumwuliza mtumiaji tu. Humletea karatasi yenye sentensi, naye achague namba kuanzia 1, yaani nakataa kabisa, hadi 5, nakubali kabisa. Namba hujumlishwa, ripoti hupigwa chapa, na wakubwa huambiwa kuwa wananchi wameridhika. Mtindo huu naupinga, na ushahidi ninao hapa hapa Rwamgasa.

Kuanzia mwaka 2002 shirika la UNIDO la Umoja wa Mataifa liliendesha mradi wa zebaki katika nchi sita, Tanzania ikiwamo, na Rwamgasa ikachaguliwa. Miongoni mwa vyombo vilivyohimizwa ni ritoti. Mchimbaji akishanasa dhahabu kwa zebaki, kwa desturi hulichoma donge lake juu ya mkaa mahali pa wazi, pengine uani kwake, na mvuke humwingia yeye na watoto wake. Zebaki hutetemesha mikono na kuharibu figo. Ritoti ni chombo cha chuma kinachofungwa. Mvuke hupita kwenye bomba, hupoa, na zebaki hurudi kuwa majimaji ikatumika tena. Ni chombo cha maana, wala sina ugomvi nacho.

Sasa mwulize mchimbaji: "Je, ni rahisi kutumia?" Atakujibu ni rahisi. Kukaza skrubu kuna ugumu gani kwa mtu ashukaye shimoni kwa kamba? Lakini jioni atachoma kwenye mkaa vile vile, kwa kuwa ndani ya chuma haioni dhahabu yake. Wenzake wa shimo, mwenye karasha na mnunuzi wamemzunguka, kila mmoja akingoja mgawo, na kisichoonekana huzaa shaka ya wizi. Kinachukua muda mrefu zaidi. Tena dhahabu huweza kutoka na rangi ya kahawia, mnunuzi akaibeza. Ni namba gani kati ya 1 na 5 inayosema hayo? Naijua nyumba moja ambayo ritoti yake huzuia mlango usipigwe na upepo.

Isitoshe, swali lenyewe huja kwa gari. Mtu aliyelelewa vyema hamwambii mgeni kuwa zawadi yake ni mzigo. Na lugha nayo! Kijana mmoja mwenye hojaji alimwuliza jirani yangu, "Hukuona ugumu wowote?" Jirani akaitika, "Ndiyo," maana yake hakuuona. Kijana akaandika kuwa aliuona.

Kipimo kinachoigwa sana kilitungwa Uingereza mwaka 1986 na John Brooke, akiwa katika kampuni ya kompyuta ya Digital: sentensi 10, nusu za kusifu na nusu za kulalamika, alama kuanzia 0 hadi 100. Brooke mwenyewe hakuficha kuwa ni kipimo cha haraka haraka. Mwaka 2006 Kraig Finstad alionyesha kuwa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza walikwama kwenye neno moja la sentensi ya nane. Je, tafsiri zetu za usiku mmoja, tena kwa mtu ambaye Kiswahili chenyewe amekikuta baada ya Kisukuma?

Watetezi husema maoni ya wananchi yasipuuzwe. Nakubali. Ukiwa na ritoti mbili na watu walewale wamezitumia zote, waulize ipi ina nafuu. Hapo jibu lina uzito. Ila maoni si matumizi.

Chuoni tuliwakataza walimu wanafunzi kuuliza darasa, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Toa hesabu, tulisema, kisha zunguka kwenye madawati uone madaftari. Na hapa iwe hivyo hivyo. Mpe mchimbaji chombo, ufunge mdomo, umtazame akitumia donge lake mwenyewe, wenzake wakiwapo. Hesabu dakika. Angalia anapokwama na nani anaanza kunung'unika. Kisha rudi baada ya masika mawili, bila hojaji, uombe kuonyeshwa ritoti iko wapi na mara ya mwisho ilipashwa moto lini.