Nyanya zinachanua, wewe unanyonyoa majani?

Leo siji na ratiba ya kupulizia dawa, nakuja na ugomvi. Kuna mtindo umeingia kwenye nyanya za nje, hizi za msimu wa kumwagilia: mmea ukianza tu kutoa maua wanaitwa vibarua, wananyonyoa majani toka chini mpaka karibu na kilele. Ukiuliza sababu unajibiwa, "Bwana shamba, majani yanakula chakula cha matunda." Mimi napinga, na napinga hasa kwa wale wanaolima Tanya, Cal J na Rio Grande eneo la wazi.

Jani halili chakula cha tunda. Jani ndilo linalopika. Mizizi inaleta maji na virutubisho, jani linachukua mwanga na hewa, linatengeneza sukari, na sukari hiyo ndiyo inayokwenda kwenye ua, kwenye tunda na hata kwenye mizizi yenyewe. Kishada cha nyanya kinalishwa zaidi na majani yaliyo jirani nacho. Ukiyatoa wakati ua ndiyo kwanza linafunguka, umebomoa jiko siku ya harusi. Maua mengine yatapukutika, na yatakayoshika yatatoa nyanya ndogo ambazo dalali anazigeuza mkononi na kukupangia bei ya huruma.

Utaniambia mbona fulani alinyonyoa na akavuna vizuri tu. Mnyanya unavumilia kupoteza majani kiasi, hilo sikatai. Ila kuna jani na jani. Lile kuukuu la chini, limeshaanza njano na linagusa udongo, halina msaada tena. Lile la kijani kando ya kishada ndilo mshahara wako.

Kitu kingine kinachosahaulika ni aina. Tanya na wenzake ni nyanya fupi: zinakua mpaka kimo chake, zinaweka kishada kwenye ncha, zinasimama. Majani iliyonayo wakati huo ndiyo karibu yote itakayokuwa nayo. Anna F1 ndani ya kitalu nyumba ni habari tofauti, ile inapanda na kamba miezi na miezi, ukitoa majani matatu chini inaongeza mengine juu. Ushauri wa Anna ukiupeleka kwenye Tanya unaua Tanya.

Na ushauri wenyewe unatoka wapi? Simu. Wakulima wananitumia klipu za Uholanzi, nyanya zimesimama kwenye mistari, chini shina tupu, juu matunda yananing'inia. Wanasema bwana shamba tazama wenzetu. Nimetazama. Wale wanatoa majani chini ya vishada vinavyoiva, na juu wanauacha mmea na majani yake mengi ya kutosha, ndani ya nyumba ya vioo, mbolea inakuja na maji kwa matone. Klipu nyingine niliyotumiwa haikuwa hata ya nyanya! Ilikuwa bangi, imelimwa chumbani chini ya taa, na mtu anaichambua majani wakati wa maua. Kwetu hilo ni kosa la jinai na silifundishi, lakini Canada ni halali tangu 2018 na watu wanalima kwa mtaji mkubwa. Wanatoa majani kwa sababu taa iko juu tu na mwanga haufiki chini, na hewa ya chumbani ikituama maua yanaoza kwa ukungu. Wanachovuna ni ua lenyewe. Hata wao kwa wao wanabishana ni majani mangapi yatolewe. Sasa wewe una jua la bure toka asubuhi hadi jioni, upepo unapita, na unavuna tunda. Tatizo la chumba cha taa unalileta bondeni kwako la nini?

Hapa kwenye jua ndipo panaponiuma zaidi. Jani la mnyanya ni mwavuli wa tunda. Tunda lililoachwa wazi saa saba mchana linakuwa na joto kuliko hewa inayolizunguka, na joto likizidi nyuzi 30 hivi ile rangi nyekundu haitengenezeki vizuri. Upande wa jua unabaki na njano, na jua likiwa kali zaidi unababuka, unakuwa mweupe kama karatasi, baadaye ukungu mweusi unaingia hapo. Kuna mama mmoja katika kata ninayohudumia alikopa kwenye kikoba chao akalima nusu eka. Shamba lilikuwa zuri, nililiona mwenyewe likiwa na wiki ya pili ya maua. Akashauriwa na muuza pembejeo mmoja anyonyoe "ili nyanya zinenepe". Zilinenepa, zikababuka. Siku ya kupanga kwenye matenga dalali alitupa pembeni moja baada ya nyingine, na yule mama alikuwa amesimama pale akihesabu marejesho ya kikoba. Kumuuzia mtu ushauri ambao hasara yake huilipi ni rahisi sana.

Halafu wengi wanaonyonyoa wanatibu ugonjwa waliouleta wenyewe. Mmea umekuwa kichaka kwa sababu umemwagiwa urea wakati wa maua, na miche imebanana. Unanunua urea ioteshe majani, kisha unamlipa kibarua ayatoe. Mara mbili hiyo. Acha sm 50 kati ya mche na mche, na maua yakianza tumia CAN kwa kiasi badala ya kurudia urea. Kichaka hutakiona.

Wa Lushoto na Njombe, kwenye ukungu na baridi, najua mnanisubiri na bakajani. Mna hoja. Majani ya chini yakipungua hewa inapita, na matone ya mvua hayarushi vimelea toka kwenye udongo kwenda kwenye jani. Lakini hata nyinyi hamhitaji kufika kwenye kilele. Subiri kishada cha kwanza kishike matunda, kisha toa majani yaliyo chini yake tu, mawili au matatu kwa wiki kwa kila mmea. Yanayofunika matunda yaacheni. Vichipukizi vya kwapani kwenye nyanya ndefu toeni vikiwa bado vidogo kwa vidole. Kwenye fupi toeni vya chini ya kishada cha kwanza basi, maana vya juu ndivyo vitakavyozaa.

Fanya kazi hiyo asubuhi umande ukishakauka, ili kidonda kifunge kabla ya usiku. Ukitumia kisu, kipanguse kwa spiriti kila unapohama mmea, hasa kama shambani kuna mnyauko. Anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kwanza, kuna virusi vya tumbaku vinavyohamia kwenye nyanya kwa vidole. Hii watu wanaicheka, ni kweli kabisa.

Na majani uliyotoa usiyaache kwenye mfereji. Kama yana michoro ya kantangaze, yule mdudu aliyetuingilia mwaka 2014, funza wake bado yumo ndani ya jani. Atatoka, ataingia kwenye udongo, na akirudi atakuwa nondo anayetafuta pa kutagia, pale pale kwako. Yatie kwenye mfuko wa plastiki, funga, anika juani siku kadhaa, kisha fukia mbali na shamba.